Treni Haijafika, Sababu Haijaondoka

Kisangani, mtaa wa Kabondo
14 Mei 1984

Tonton Zacharie,

Nadai jambo moja, nami nitalitetea mpaka ulikubali au ukose la kunijibu: mchekeshaji anayemcheka mtu asiye na njia ya kumjibu hafanyi tena kazi ya ucheshi, anafanya kazi ya polisi.

Jumamosi jioni nilikuwa katika baa moja ya Makiso, ambako televisheni imewekwa juu ya friji na watu hukaa kama wako kanisani. Kipindi chako cha «Abiria» kilianza. Akatokea mwigizaji mwenye kofia ya shirika la reli inayomfunika masikio, akasimama chini ya kipande cha reli kilichoning'inizwa barazani, akakigonga mara tano kwa nyundo, akatazama reli upande wa kushoto, akatazama upande wa kulia, kisha akafungua rejista na kuandika huku akisoma kwa sauti: «Treni: haijafika. Sababu: haijaondoka.»

Tonton, baa nzima ililia kwa kicheko. Mtu mmoja alipiga meza akauliza, «Chef, treni iko wapi?» Mwingine akamjibu, «Iko njiani, inajitayarisha kuondoka!» Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Sikucheka.

Unajua vizuri kuliko yeyote kwamba katika Zaire nzima kuna mkuu wa stesheni mmoja tu ambaye kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, hugonga kipande cha reli, treni iwepo au isiwepo, kwa sababu kanuni ya mwaka 1953 inasema stesheni ifunguliwe kwa kengele. Ni Papa Faustin, wa Ubundu. Ni baba yangu. Na ni bokilo wako, mume wa marehemu dada yako Philomène. Kwetu bokilo hachekwi. Mtu hata kikombe chake cha maji hakirukii. Wewe umemsimamisha mbele ya nchi nzima na kofia imemziba masikio.

Usinijibu kwamba ucheshi hauna mipaka. Hoja hiyo nimeisoma katika vitabu vinne, na vitatu kati yake vimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuchekwa. Tazama kazi yako mwenyewe. Kwa miaka kumi, katika safu yako ya gazetini, «Nimechelewa Kufika», ulituchekesha hapa Kisangani bila kumjeruhi mtu. Ulipopanda meli ya kwenda Isangi na mbuzi wa abiria akala ramani ya nahodha, aliyelala njaa siku mbili ni wewe. Abiria waliposhuka kuisukuma treni ya Ubundu mlimani, na kondakta akapita nyuma yao akiwadai tikiti wale wale wanaosukuma, aliyekosa tikiti ni wewe. Aliyechekwa alikuwa wewe na sanduku lako. Ndiyo maana tulikupenda. Tangu televisheni ikuchukue Kinshasa mwaka wa 1979, umeacha kujicheka na umeanza kututazama sisi.

Wapi ulikoyapata maneno ya rejista, tuliache kwanza.

Papa amebakiza miaka miwili apumzike. Ametumikia reli miaka thelathini na moja, na jina safi ndilo atakaloondoka nalo. Nataka kipindi kijacho kianze kwa tangazo: stesheni hii imebuniwa, na mtu huyu hayupo. Barua hii inakuja kwa ndege, mkononi mwa mwalimu mwenzangu Dominique. Huna udhuru wa kuchelewa.

Mpwa wako,
Hubert

*

Ubundu, Gare
22 Mei 1984

Mutoto yangu Hubert,

Salamu nyingi. Mimi niko muzima, mugongo tu inauma kidogo. Naandika mbio juu mashinisti wa treni anaondoka nusu saa, na hii mara anaondoka kweli.

Bon, kuna kitu inanishangaza. Treni ilifika jana, siku ya kumi na tisa ya kuingojea. Batu bote waliposhuka walinisalimia kama maaskari, mukono juu ya kichwa: «Chef! Chef!» Mama mumoja wa Lubunga anayekuja kununua samaki alinishika mukono, akasema, «Papa, tafazali, utupigie kengele kidogo.» Nikamwambia kengele si muchezo, inapigwa na sababu. Batu wakacheka sana, wakasema pamoja, «Sababu! Sababu!» Alors, nikapiga. Wakapiga makofi. Kijana mumoja aliniomba niandike jina langu mu daftari yake.

Miaka yote hii hakuna mutu alinipigia makofi. Marehemu mama yako alikuwa anasema kazi ya reli iko kama kazi ya moyo, batu wanaijua siku inasimama tu. Sasa naona labda kuna heshima mupya inakuja kwa kazi. Wewe uko pale mujini, unasoma magazeti. Uniambie ni nini wanasema juu yetu.

Utafute pia rangi nyeusi kidogo, ya chuma. Kengele imeanza kutu, na kama batu wanaitazama, iwe safi.

Papa yako,
Faustin

*

Kisangani
25 Mei 1984

Papa mpendwa,

Nimefurahi kupata habari zako. Rangi nimeipata, nakutumia pamoja na barua hii.

Kuhusu swali lako: kuna kipindi kimoja cha televisheni ya Kinshasa kilichozungumzia kazi ya reli. Walionyesha mkuu wa stesheni anayefungua stesheni kila asubuhi bila kukosa, hata kama treni imechelewa. Watu wamekipenda. Wamekutambua wewe kwa ajili ya kengele. Ni heshima, Papa. Wakikuuliza, waambie bila woga kwamba ni wewe.

Tunza mgongo wako.

Mwanao,
Hubert

*

Kinshasa
2 Aprili 1984

(Imepokelewa Kisangani tarehe 9 Juni. H.)

Mpendwa Hubert,

Nakuita Hubert kwa kalamu, maana kwa mdomo jina la ubatizo limekatazwa na serikali kwa miaka kumi na miwili sasa. Mama Delphine anayekubebea barua hii naye kwenye kitambulisho chake ni mtu mwingine kabisa. Ukifika bandarini ukauliza Delphine, hayupo. Ukiuliza mama wa chumvi, atakuitikia. Anapanda meli leo. Ameniapia kwamba baada ya wiki mbili atakuwa Kisangani. Ndege ya juma hili imejaa wakubwa na mizigo ya wakubwa, na barua ya mchekeshaji haina kiti.

Nimeisoma tena barua yako ya Noeli. Mtoto wewe una jicho! Papa yako mezani, kuku bado hajaguswa, anaeleza jinsi rejista ilivyo na safu ya «Sababu» isiyoruhusiwa kuachwa tupu. Jinsi alivyozungusha simu ya Kisangani siku nne bila kuitikiwa. Jinsi alivyoandika mwishowe ile kweli pekee aliyokuwa nayo. «Haijaondoka.» Nilicheka nikaangusha miwani. Kisha nikainakili, maana ni sentensi ya mtu mnyofu kuliko zote nilizosoma mwaka huu.

Nimeitengenezea kipindi. Tutakirekodi tarehe 5 Mei na kitaonyeshwa tarehe 12. Lakini huyu ni bokilo wangu, siwezi kumweka hadharani bila neno kutoka nyumbani kwake. Yeye mwenyewe naona haya kumwuliza. Nakuuliza wewe, ambaye ni mwanawe na macho yangu huko. Ukiona itamwumiza, niandikie neno moja, «hapana», nami nitaiondoa stesheni niweke kivuko na nahodha mlevi, hao wako tele. Nisipopata neno lako kabla ya tarehe 5, nitajua umeridhika. Kukaa kimya ni kukubali.

Endelea kuniandikia. Usisahau habari za soko la Yanonge ulizoniahidi.

Tonton wako,
Zacharie

*

Ubundu
5 Juni 1984

(Imepokelewa tarehe 9 Juni, saa tatu baada ya ile ya Kinshasa. H.)

Mutoto yangu,

Jana walikuja. Batu watatu, na draisine yao wenyewe, ile gari ndogo ya reli, si treni. Wawili wa reli, na mumoja alivaa miwani nyeusi, hakusema anatoka wapi. Nilikuwa nimepaka kengele ile rangi yako, inangaa.

Waliuliza, «Ni wewe yule wa televisheni?» Nikakumbuka barua yako. Nikasimama sawasawa, nikasema, «Ndiyo, wakubwa. Ni mimi.» Yule wa miwani akaandika, akasema nitie sinyatire, nikaandika jina langu. Wakauliza kama maneno ya rejista iko ya kweli. Nikasema iko ya kweli, nikaenda mimi mwenyewe kuwaletea ile ya mwaka 1981, nikawafungulia ukurasa. Nikawaonyesha: treni haijafika, sababu haijaondoka, na sinyatire yangu chini. Mumoja wa reli akacheka. Aliona yule wa miwani hacheki, akaacha.

Yule akaniuliza pole pole, «Chef, unachekesha nani? Unachekesha serikali?» Nikasema hapana, mukubwa, sijachekesha mutu hata siku moja, uliza Ubundu yote. Akasema, «Nchi yote inacheka, na wewe unasema haujachekesha mutu.»

Walibeba rejista ya miaka mitatu. Walibeba kofia. Waliniambia ningojee barua.

Hubert, nasoma tena barua yako. Umesema iko heshima. Nafikiri walikosea mutu. Wewe umesoma, utafute mwenye kuwaeleza.

Papa yako,
Faustin

*

Kisangani
10 Juni 1984

Tonton,

Jana asubuhi mama Delphine aligonga mlango wangu na barua yako ya tarehe 2 Aprili. Meli ilipanda mchanga kabla ya Bumba, ikakaa pale wiki saba. Abiria walilima mboga ufukweni, na mtoto mmoja akazaliwa akapewa jina la nahodha. Alinieleza hayo akicheka, kama mtu anayesimulia safu yako ya zamani. Akaitoa barua katika mfuko wa chumvi, imekauka vizuri, haikuharibika hata neno. Ningekuwa nimeipata kufikia tarehe 20 Aprili. Ningekuwa na siku kumi na tano za kuandika neno lenye herufi sita.

Sasa naandika herufi sita hizo, na hazina kazi.

Hata hivyo dai langu nalishikilia. Ni kweli maneno ya rejista yalitoka kwangu. Lakini nilikuandikia kama mwana anayemcheka baba yake ndani ya nyumba, ambapo aliyechekwa yupo, anaona, anaweza kukurushia mfupa wa kuku. Wewe uliyatoa nje. Kicheko kikitoka nje ya nyumba hakirudi. Hakimjui tena aliyekizaa. Na kuhusu kimya: kimya cha mtu mwenye kusikia ndicho kukubali. Kimya cha mtu ambaye barua yake iko juu ya mchanga wa Bumba si kukubali. Wewe kuliko watu wote, uliyejipatia jina kwa kuandika kwamba hakuna meli inayofika, uliwezaje kuikabidhi meli heshima ya baba yangu?

Soma nakala ya barua yake ninayoiambatisha. Wamechukua rejista na kofia. Neno lililotumiwa ni kuicheka serikali, na unajua watu wanapopelekwa kwa neno hilo.

Kuna jambo jingine sikukueleza, wala sioni haja ya kulieleza sasa.

Sitaki tena tangazo. Nenda wewe mwenyewe, kwa jina lako, mbele ya mkubwa wako, useme umemzua mtu huyu kichwani mwako. Neno la mwandishi ndilo pekee linaloweza kumfuta mtu aliyeandikwa.

Hubert

*

Kinshasa
24 Juni 1984

Mpwa wangu,

Barua zako mbili ziko mbele yangu, moja kali, moja kali zaidi. Kiswahili chako kimenyooka kama umemeza kamusi. Hata ukinitukana najisikia nimepewa shahada. Acha nikueleze nilichofanya, kisha unihukumu.

Nilikwenda kwa mkurugenzi wa vipindi. Nilivaa abakosti yangu nzuri, ile suti isiyo na tai. Nikasema, «Mkuu, yule mkuu wa stesheni nilimzua. Hayupo.» Akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi: «Hayupo? Mbona amekiri?» Akanisomea. «Ndiyo, wakubwa. Ni mimi.» Hubert, karatasi ile ina sahihi ya bokilo wangu, na nyuma yake mashahidi wawili. Nikasema mzee amechanganyikiwa, mtu amemdanganya. Mkurugenzi akaniuliza nani amemdanganya. Nikasema sijui, na kweli sikujua. Je, wewe unajua?

Halafu akasimama akanipa mkono. Alisema kipindi kimefanya kazi ya uraia: kimemfichua mtumishi mzembe, na wakubwa wamependezwa. Nimepongezwa, Hubert. Ipo barua, ina muhuri. Katika miaka yangu ishirini ya kuandika hakuna mkubwa aliyewahi kunipongeza, na siku niliyopongezwa niliingia chooni nikajifungia.

Nikajaribu njia nyingine. Katika kipindi cha Jumamosi iliyofuata nilimwandikia yule mkuu wa stesheni maneno manne ya mwisho: «Simu ya Kisangani haiitikii.» Ili watu wajue kwamba kosa si lake. Yalikatwa. Badala yake nimeagizwa niandike kipindi ambamo mkuu mpya anafika, kijana, na treni zote zinafika kwa wakati. Nimesema sijui kuandika mambo ya ajabu. Wamesema nijifunze.

Unaniuliza niliwezaje kuiamini meli. Nitakujibu ukweli usioupenda. Tangu 1979 sijapanda meli. Sijapanda treni, sijapanda hata baiskeli. Nchi hii yote nimeisafiri nikiwa nimekaa kwenye kiti kimoja chenye mguu mbovu. Soko la Isangi, kivuko cha Lubunga, yule fundi wa Simi-Simi anayetengeneza sufuria kwa bati la ndege: yote ni barua zako. Nimekuwa mwandishi wa safari za mtu mwingine. Ninasahau jinsi meli zinavyochelewa, kwa sababu zangu zote huondoka na kufika katika ukurasa mmoja.

Na wewe ulijua. Hukuwahi kulalamika. Dominique ameniambia jinsi ulivyokuwa ukikaa baa ukiwanong'oneza rafiki zako sentensi kabla mwigizaji hajazisema. Basi dai lako likunje katikati, sehemu moja iwe yangu, nyingine uichukue wewe.

Sina uwezo zaidi, mwanangu. Nilidhani nina kalamu. Nilikuwa nimeazimwa.

Zacharie

*

Ubundu
15 Julai 1984

Hubert,

Barua yao ilifika. Nimeondolewa kazini. Wameandika mustari mumoja, na mu nafasi ya sababu wameandika tu: faida ya kazi.

Tarehe tisa nilishuka Kisangani kurudisha funguo. Nilivuka muto na pirogi, nikangojea ofisi mpaka saa nane, wakapokea funguo bila kuniuliza jina. Sikupita kwako.

Nilikuwa napita Makiso, nikasikia batu wanacheka mu baa, nikasikia kengele. Nikaingia. Walikuwa wanakirudilia kile kipindi juu batu wanakiomba. Mwenye baa akanipa kiti. Hakuna mutu alinijua, juu sikukuwa na kofia. Nilikitazama chote.

Yule bwana anapiga kengele vibaya. Anapiga mara tano. Mimi napiga kumi na mbili, juu iko saa kumi na mbili. Batoto wanahesabu nayo kwenda masomo, mama wa samaki wanahesabu nayo kushuka mutoni. Mara tano si kitu. Nilitaka kumwambia jirani, nikaona kama analia na kicheko, nikamuacha.

Ile hadithi ya safu ya sababu niliisema mara moja tu, siku ya Noeli, mezani. Tulikuwa batu wawili, mimi na wewe. Niliisema juu ilikuwa inaniuma. Miaka mitatu ilikuwa inaniuma, kama nimeandika uongo ao kama nimeandika kweli. Nilifikiri wewe uliyesoma utaniambia. Ulicheka, nikacheka na wewe, juu uko mutoto yangu.

Sina neno. Nilitaka tu ujue kwamba najua.

Chef mupya hajafika. Sababu siandiki tena. Kengele iko pale, lakini mimi si mutu wa reli, siruhusiwi kuigusa. Kila asubuhi Jafari mwalimu anakuja mulangoni, anauliza, «Chef, iko saa ngapi?» Namwambia na mudomo. Batoto wanachelewa.

Ukitaka kuomba musamaha, usiniombe mimi. Mimi niko peke yangu hapa, nikikusamehe nani atasikia? Useme pale walipocheka.

Faustin

*

Kisangani
22 Julai 1984

Tonton Zacharie,

Mwezi Mei nilidai kwamba mchekeshaji anayemcheka mtu asiye na njia ya kumjibu anafanya kazi ya polisi. Dai hilo silirudishi, ila nalikamilisha: polisi huyo ana mtoa habari, na mtoa habari ni mimi.

Uliniuliza kama namjua aliyemdanganya baba yangu. Namjua. Nilimwandikia kwa mkono wangu kwamba wanamheshimu, na kwamba wakimwuliza aseme ni yeye. Niliogopa kumwambia watu wanamcheka, kwa maana angeuliza nani alianza. Maneno aliyotia sahihi mbele ya yule wa miwani ni yangu. Nilimtumia pamoja na kopo la rangi nyeusi.

Nilikuandikia pia kwamba nilikaa mstari wa mbele na sikucheka. Nilicheka. Nilicheka kabla ya baa nzima, kwa sababu nilijua sentensi inayokuja, nikamgonga bega Dominique nikamwambia, «Sikiliza hii, hii ni yangu.» Kile ulichokisikia kutoka kwake ni kweli, lakini hakukueleza chote. Ni rafiki mwema.

Baba ameondolewa kazini, na msamaha anautaka pale walipocheka, kwa hiyo niliandika haya yote kwa ajili ya gazeti letu la hapa, lile lile lililokuwa likichapisha «Nimechelewa Kufika». Mhariri aliyasoma akiwa amesimama. Akaufunga mlango. Akanirudishia karatasi akasema, «Ndugu, mimi nina watoto.» Nikamwomba azitoe hata sentensi mbili, mistari ya chini, karibu na matangazo ya vifo. Akasema, «Hata pale.» Simlaumu. Nilitoka na shahada yangu, na vitabu vyangu vyote, na hoja tatu zisizojibika, nikasimama barabarani kama mtu aliyeteremshwa mahali pasipo stesheni.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Treni ya Ubundu imetangazwa kuondoka Lubunga tarehe 30. Labda itaondoka. Abiria watakaa pale siku nyingi, kama kawaida, na hao ndio waliompigia baba yangu makofi. Nitapanda juu ya mzigo wowote niwasomee karatasi hii: kwamba mzee yule hakumcheka mtu, kwamba simu ya Kisangani haikuitika siku nne, kwamba anapiga mara kumi na mbili, si tano. Najua haitamrudishia kofia. Najua huenda yule wa miwani nyeusi naye ni abiria. Najua wengine watacheka, maana wakisikia neno «sababu» hawawezi tena kujizuia, na sisi wawili ndio tuliowafundisha. Kisha, treni ikiondoka, nitaipanda, na nikifika Ubundu nitakaa barazani karibu na baba yangu, hata kama hataniambia neno.

Nawe utanijibu. Lakini safari hii sipokei barua. Usimpe mama Delphine kitu, usimtafute mwenye ndege, usiniandikie ukurasa mzuri wenye mtu anayejifungia chooni. Tangu uende Kinshasa umetuandikia meli ishirini na treni hamsini bila kupanda hata moja. Panda moja. Lala juu ya magunia, panda mchanga wa Bumba pamoja na wenzako, lima mboga ukikaa. Ukifika, uvuke mto mpaka Lubunga, uje Ubundu, usimame chini ya kile kipande cha reli mbele ya abiria na mama wa samaki na watoto wa shule waliochelewa, ufungue kinywa chako, umwambie bokilo wako na sisi sote: treni ilipokosa kufika, kosa lilikuwa la nani?

Jibu hadharani. Tunakungoja stesheni.

Hubert